Claude Shannon: Mtu aliye nyuma ya kila biti kwenye simu yako

Ukituma video WhatsApp au ukiangalia mabao YouTube, kuna hesabu za mtu mmoja zinafanya kazi kimyakimya ndani ya simu yako. Anaitwa Claude Shannon, Mmarekani aliyefariki mwaka 2001, wakati ugonjwa ulikuwa umeshamnyang'anya kumbukumbu.

Shannon alizaliwa 30 Aprili 1916 mjini Petoskey, jimbo la Michigan, akakulia mji mdogo wa Gaylord. Mama yake alikuwa mwalimu. Utotoni aligeuza waya wa seng'enge wa uzio kuwa laini ya telegrafu, akawa anawasiliana na rafiki yake aliyekaa karibu nusu maili kutoka kwao.

Swichi inayofikiri

Mwaka 1936 alimaliza Chuo Kikuu cha Michigan akiwa na shahada mbili, ya hisabati na ya uhandisi wa umeme, kisha akaenda MIT. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 21 tu, aliandika tasnifu ya uzamili kuonesha kwamba swichi za umeme zinaweza kufanya kazi ya mantiki: ikiwaka ni 1, ikizima ni 0. Saketi za kidijitali zimejengwa juu ya wazo hilo.

Mwaka 1941 aliajiriwa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaendelea, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kulinda mawasiliano ya siri. Hapo ndipo mwaka 1943 alipokutana na Mwingereza Alan Turing.

Mwaka 1948

Kazi iliyompa jina ilitoka 1948 kwenye jarida la Bell. Shannon alisema maneno, sauti na picha vyote vinaweza kupimwa kwa kipimo kimoja: biti, yaani jibu moja la ndiyo au hapana. Jina lenyewe hakulitunga yeye. Aliandika wazi kwamba lilitoka kwa mwenzake, John Tukey.

Alionesha pia kuwa ujumbe mwingi una marudio. Mtu akikuandikia “nmfk slm”, bado unaelewa amefika salama. Herufi zilizoachwa hazikuwa za lazima.

Kwenye video ndipo jambo hili linapookoa bando. Picha moja ya HD kamili ina nukta zaidi ya milioni 2. Kila nukta ikichukua biti 24, na picha zikiwa 25 kwa sekunde, dakika moja tu ingekula kama GB 9. Ila mtangazaji wa habari akiwa amekaa, ukuta nyuma yake haubadiliki. Kwa hiyo programu ya kubana video haitumi ukuta ule ule kila mara, inatuma zaidi kile kilichobadilika.

Jambo la tatu lilishangaza wahandisi. Wengi waliamini ukitaka ujumbe ufike bila makosa kwenye laini yenye kelele, lazima uongeze nguvu ya mawimbi au upunguze kasi. Shannon alithibitisha kwamba kila njia ya mawasiliano ina ukomo wake. Usipouvuka, ujumbe unaweza kufika karibu bila kosa lolote, mradi usimbwe vizuri. Namna ya kuukaribia ukomo huo hakuionesha, na wahandisi waliitafuta kwa miongo kadhaa.

Baiskeli ya tairi moja

Mwaka 1949 alimuoa Betty Moore, mwanahisabati wa Bell Labs. Betty alimsaidia kutengeneza Theseus, panya wa mitambo aliyejifunza kupita njia za kupotezana. Shannon alirudi MIT mwaka 1956 akiwa profesa, na alijulikana pia kwa kuendesha baiskeli ya tairi moja kwenye korido za Bell Labs.

Miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na ugonjwa wa Alzheimer. Intaneti ilipoanza kuingia majumbani, mtu aliyeiwekea msingi hakuwa tena na uwezo wa kufuatilia.

Alifariki 24 Februari 2001 huko Medford, Massachusetts, akiwa na miaka 84. Oktoba mwaka huo huo, Japani ikazindua huduma ya kwanza ya kibiashara ya 3G duniani.