Joseph Kekuku, Mwanafunzi Aliyelilaza Gitaa Mapajani

Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotuambia kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu wa kidato cha tatu waliwahi majina mazuri yote. Mekatilili wa Menza alichukuliwa na watu watatu kabla kengele haijalia. Shaaban Robert naye hakusalimika. Mimi nilipotaja jina la Joseph Kekuku darasa zima likaangua kicheko, na mpaka leo kuna wanaoniamkia kwa mlio wa jogoo nikiingia langoni. Sikuudhika. Lakini kwanza nieleze mtu huyu nimemjulia wapi.

Babu yangu mzaa mama ni seremala hapa Msambweni. Anatengeneza vitanda, milango na majeneza. Zamani, kabla sijazaliwa, alikuwa pia mpiga gitaa, na harusi za upande huu hadi Shirazi zilikuwa hazinogi bila yeye. Ndivyo anavyosema nyanya, na nyanya si mtu wa kusifu ovyo. Kisha siku moja, katika karakana aliyokuwa ameajiriwa, msumeno wa umeme ukampitia mkono wa kushoto. Vidole viwili vikaenda, cha shahada na cha kati. Kushika randa anaweza. Kubana nyuzi za gitaa hawezi. Gitaa lake alimpa mtu, na habari za muziki nyumbani kwetu zikawa hazizungumzwi.

Mwaka jana mjomba anayefanya kazi hotelini Diani alikuja na hadithi ya mgeni mmoja aliyekuwa akipiga gitaa limelala mapajani kama sinia ya kuchambulia mchele. Mkono wa kushoto haubani kitu, ila unashika kipande cha chuma na kukiteleza juu ya nyuzi. Babu alikuwa anapiga msasa mguu wa kitanda. Akasimama. Akautazama mkono wake, halafu akaendelea na kazi bila kusema neno. Basi mimi nikaanza kuuliza walimu na kupekua vitabu, nijue ni nani aliyeanza mambo hayo.

Kumbe alikuwa mwanafunzi kama sisi.

Joseph Kekuku alizaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Laie, kisiwani Oahu, mojawapo ya visiwa vya Hawaii katikati ya bahari ya Pasifiki. Wakati huo Hawaii ilikuwa ufalme wenye bendera yake, na mwaka huohuo alishika kiti mfalme Kalakaua, mtu aliyependa muziki kupita kiasi. Gitaa lenyewe lilikuwa mgeni huko. Inaelezwa kwamba lililetwa na wachunga ng'ombe kutoka Mexico, ambao mfalme wa zamani aliwaita katika miaka ya 1830 wawafundishe watu wake kazi ya ng'ombe. Halafu mwaka 1879 ikaja meli iliyowaleta Wareno kutoka kisiwa cha Madeira, na kigitaa chao kidogo ndicho kilichozaa ukulele. Sisi watu wa pwani tunawakumbuka Wareno kwa Fort Jesus na mizinga. Wenzetu waliachiwa ukulele. Haya, kila mtu na bahati yake.

Watu wa Hawaii walilipokea gitaa wakalifanya lao. Walilegeza nyuzi mpaka zikipigwa wazi, bila kubanwa popote, zinatoa sauti zinazopatana, yaani ile wapiga gitaa wanaita kodi. Jambo hili tulikumbuke, maana bila hilo chuma cha Kekuku kisingefaa kitu. Chuma kimenyooka. Kikikaa juu ya nyuzi sita hukata zote mahali pamoja, kwa hiyo ni lazima nyuzi ziwe zimekwisha kupatana zenyewe kwa zenyewe.

Alipofikia umri wa miaka 15, mwaka 1889, Kekuku alitoka Laie akaenda Honolulu kusoma katika shule ya wavulana ya Kamehameha. Shule hiyo ilikuwa changa, ilifunguliwa mwaka 1887 kwa mali aliyoiacha binti wa kifalme, Bernice Pauahi Bishop, kwa ajili ya kuwasomesha watoto wa Hawaii. Walifundishwa vitabu na kazi za mikono pia. Ilikuwa na karakana ya vyuma, na hapo ndipo penye siri yetu.

Zipo simulizi mbalimbali juu ya siku yenyewe. Moja yasema alikuwa akitembea kando ya reli na gitaa lake, akaokota bolti, na bolti ikagusa nyuzi ikatoa mlio wa kuteleza ambao hajawahi kuusikia. Mimi nilikuwa na shaka, ati reli kisiwani? Lakini reli ya Oahu ilianza safari mwaka huohuo wa 1889, kwa hiyo simulizi haigombani na kalenda. Vilevile inasemekana alijaribu kisu cha mfukoni na kitana. Kilicho hakika ni kwamba hakuishia kwenye kuokota. Watu wengi huokota. Yeye aliingia karakana ya shule akajitengenezea kipande cha chuma laini kinachojaa mkononi. Kisha akakuta kasoro: nyuzi ziko karibu mno na ubao wa shingo, chuma kinagongagonga. Akaziinua. Nyuzi za utumbo wa mnyama zikawa hazilii vizuri chini ya chuma, akaweka za chuma. Wenzake wa shule wakajifunza kwake, na wanafunzi wale walipokwenda makwao wakaupeleka mtindo huo kila kisiwa.

Nisiwafiche jambo moja. Wapo wanaosema si yeye wa kwanza. Anatajwa Gabriel Davion, kijana mzaliwa wa India aliyefikishwa Hawaii kwa meli, na anatajwa pia James Hoa. Nimelifikiria hili sana. Inawezekana kabisa kwamba watu wawili au watatu waligusa uzi kwa chuma katika miaka ileile. Lakini aliyekitengeneza chuma, akalirekebisha gitaa, akawafundisha wengine na kuzunguka nalo duniani ni Kekuku, na mimi kura yangu nampa yeye.

Wakati yeye anakua kimuziki, nchi yake ilikuwa inakwisha. Tarehe 17 Januari 1893 malkia Liliuokalani, dada yake Kalakaua na mtunzi wa nyimbo, alipinduliwa na kundi lililoongozwa na wafanyabiashara wa kizungu, huku askari wa Marekani wakiwa wameteremshwa mjini. Mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani. Sisi tuliosoma mambo ya Sultani wa Zanzibar na ule ukanda wa pwani tunaelewa jambo la namna hii. Wanamuziki wengi wa Hawaii walitoka kwenda kutafuta riziki, na Kekuku alitoka mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka 30 hivi. Katika niliyoyasoma sijaona kwamba alirudi kukaa nyumbani tena.

Alipiga katika kumbi za Marekani, akafundisha wanafunzi. Mwaka 1912 mchezo wa kuigiza uitwao The Bird of Paradise ulionyeshwa New York ukiwa na wapigaji wa Hawaii, na mwaka 1915 yakaja maonyesho makubwa ya San Francisco. Baada ya hapo Marekani nzima ikashikwa na homa ya muziki wa Hawaii, sahani za santuri zikauzwa kama mahamri ya asubuhi. Mwaka 1919 Kekuku alivuka bahari akazunguka Ulaya na mchezo huo kwa muda wa miaka minane. Aliporudi Marekani alikaa Chicago, kisha akahamia mji wa Dover, jimbo la New Jersey, akafundisha gitaa. Hapo hana tena makuu: mwalimu wa kawaida katika mji wa baridi, mbali na minazi. Alifariki tarehe 16 Januari 1932 akiwa na miaka 57, akazikwa Dover.

Sasa sikiliza mambo ya ajabu. Mwaka huohuo wa 1932 kampuni ya Adolph Rickenbacker ilianza kuuza gitaa la umeme, alilolibuni George Beauchamp pamoja naye. Lilikuwa la alumini, la duara lenye shingo ndefu, hata likabandikwa jina la kikaango. Ndilo gitaa la umeme la kwanza kuingia sokoni na kufanikiwa, nalo lilikuwa la kulaza mapajani! Kabla ya hapo, mwaka 1927, John Dopyera alikuwa ametengeneza gitaa lenye koni za alumini ndani ili sauti iwe kubwa, maana wapigaji wa mtindo wa Hawaii walikuwa hawasikiki katikati ya tarumbeta. Basi yale magitaa ya umeme tunayoyasikia kwenye bendi zote, babu yao ni lile la mapajani.

Na sauti yenyewe ilifika mbali. Mwanamuziki Tau Moe wa Hawaii aliishi Calcutta katika miaka ya 1940, na gitaa hili likaingia mpaka katika nyimbo za filamu za Kihindi, zilezile ambazo nyanya zetu walizitazama Mombasa na ambazo tuni zake Juma Bhalo alizitilia maneno ya Kiswahili. Jimmie Rodgers wa Marekani alirekodi na mpigaji wa Hawaii, Joe Kaipo, mwaka 1929. Santuri za Rodgers zikafika hadi kwa Wakipsigis, nao mwaka 1950 wakamwimbia Hugh Tracey wimbo juu yake, Chemirocha. Huko Nigeria, King Sunny Ade aliliingiza gitaa la chuma katika bendi yake.

Nirudi karakana ya babu. Gitaa la kwanza tulilichonga kwa ubao wa mwembe uliokuwa haujakauka. Baada ya wiki mbili nyuzi zililivuta likapinda kama ndizi. Babu alijilaumu, maana kumwambia mteja angoje ubao ukauke ndiyo kazi yake ya kila siku. La pili tulitumia ubao mkavu wa mlango wa zamani. Katikati tulikata tundu, chini tukaweka bati la biskuti, na juu yake, kwa kumwiga Bwana Dopyera, kifuniko cha sufuria cha alumini. Nyanya alikitafuta kifuniko hicho siku tatu.

Urefu wa uzi, kutoka kipande kinachouinua huku hadi daraja kule, ni sentimita 57. Niliuchagua kwa sababu unagawanyika vizuri: nusu yake, 28.5, inatoa sauti ileile ya uzi wazi lakini ya juu. Ukihesabu theluthi, yaani 19, na robo, yaani 14.25, unapata sauti nyingine mbili kubwa. Hapo nilichora mistari kwa kalamu ya wino. Hakuna cha kubana, mistari ni ya kuongoza macho tu. Nyuzi za kwanza zilikuwa waya wa breki za baiskeli, lakini zote ni nene sawasawa, hazikubali kupatana. Nikatembea kwa miguu kuja shule muhula mzima, nauli nikaiweka, mjomba akaninunulia nyuzi kamili Mombasa.

Chuma tulikuwa nacho. Babu aliwahi kufanya kazi Ramisi, na kiwanda cha sukari kilipofungwa mwaka 1988 alirudi na vyuma chakavu ndani ya kikapu. Kimoja ni cha duara, urefu wa kidole. Nilikipiga tupa na msasa mpaka kikang'aa.

Siku ya kwanza alikishika kwa dole gumba na vile vidole viwili vilivyobaki, akakiteleza, gitaa likalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Majirani walichungulia. Akarudia polepole, akakisimamisha juu ya mstari wa 19, na hapo sauti ikakaa. Sasa kila baada ya swala ya Alasiri anakaa barazani nalo, dakika kumi, dakika ishirini. Hajapiga wimbo kamili mbele yetu. Nyanya anasema usiku huwa anapiga. Uzi wa tatu bado unazizima kwa sababu kifuniko cha sufuria hakijakaa sawa juu ya bati, na Jumamosi tutakifungua tukiwekee kipande cha ngozi chini yake.