Posta yetu ipewe jina la Sheikh Al-Amin

Kule Marekani ni jambo la kawaida posta ya mtaa kupewa jina la mtu aliyewatumikia watu wa pale. Bunge hupitisha sheria, kibao hutundikwa, na kila anayeingia kutuma barua hulisoma jina hilo. Nami naomba tufanye vivyo hivyo hapa Mombasa, na jina ninalopendekeza ni la marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Sheikh alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, mwanachuoni, alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alisoma Unguja kwa masheikh wakubwa wa zama zile, akiwemo Sayyid Ahmad bin Sumeit.

Alikuwa pia msomaji wa al-Manar, jarida la Rashid Rida lililochapishwa Cairo. Ng'ambo yote ile, jarida lilikuja kwa meli na mfuko wa posta. Naye akaona karatasi yafika pasipofika sauti ya darsa. Mwaka 1930 akaanzisha Sahifa, na mwaka 1932 al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwaambia watu wake mambo mazito: kwamba wanafilisika kwa harusi na matanga, wanawanyima elimu watoto wa kike, na wanaiga Wazungu kwa mavazi huku maarifa yao wakiyaacha. Wako waliomchukia kwa hayo. Hakunyamaza.

Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyoifanya hadi alipofariki mwaka 1947. Mwanawe Ali, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Profesa Ali Mazrui, alikuwa na miaka 14 tu.

Vijana wetu wengi wamelisikia jina la Profesa. Ukiwauliza juu ya baba, wanakutazama tu. Hilo ndilo linalonitia hofu, maana wazee waliosimuliwa habari zake wanaondoka mmoja mmoja.

Najua nitaambiwa kuwa siku hizi watu wana simu, posta ya nini? Lakini kila fomu tunayojaza bado yauliza sanduku la posta, na vifurushi bado twavifuata pale. Wengine watasema Sheikh mwenyewe alikemea kuwatukuza waliokufa. Ni kweli, na ndiyo sababu siombi sanamu wala sherehe. Naomba kibao chenye jina na miaka yake, na chini yake kabati la kioo lenye nakala za magazeti yake, watu wasome wakingoja foleni.

Basi wenye Sahifa na al-Islah kwenye masanduku ya nyumbani, zitoeni kabla mchwa hawajatutangulia. Na wawakilishi wetu walipeleke ombi hili kwa Shirika la Posta. Allah amrehemu Sheikh wetu.