Robert Koch na dawa ya siri

Kwenye kliniki ya watoto mama mmoja aliniuliza kuna nini ndani ya chanjo ya BCG, ile anayochomwa mtoto mchanga bega la kulia. Halafu akaniomba radhi kwa kuuliza, kama vile amenikosea adabu. Hakuwa na kosa lolote. Aliyegundua vidudu vya kifua kikuu aliwahi kuficha kilichomo ndani ya sindano yake mwenyewe, na wagonjwa wakaumia.

Robert Koch alizaliwa Ujerumani tarehe 11 Desemba 1843, katika familia yenye watoto wengi. Alianza kama daktari wa kawaida wa wilaya, akichungulia hadubini nyumbani kwake baada ya kazi. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alionyesha kwamba kifua kikuu kinaletwa na bakteria. Kabla ya hapo wengi waliamini ni ugonjwa wa ukoo. Huku kwetu bado nasikia kwamba mtu karogwa, na anazungushwa kwa waganga mpaka anabaki mifupa mitupu.

Ushindi ule ulimpa jina kubwa, na jina ndilo lililoponza watu. Agosti 1890 alisimama mbele ya madaktari wa mataifa mengi na kutangaza kwamba amepata kitu kinachozuia vidudu vya kifua kikuu visikue. Kimetengenezwa na nini, hakusema. Serikali ilimuunga mkono, magazeti yakashangilia, na wagonjwa wakafurika Berlin. Miezi michache baadaye daktari mwenzake, Rudolf Virchow, alipopasua miili ya waliokufa baada ya kuchomwa sindano hiyo, aliona ugonjwa umesambaa zaidi. Januari 1891 Koch akaeleza siri yake: vidudu vya kifua kikuu vyenyewe, vilivyokamuliwa kwa glisirini. Havikuponya. Kimiminika hicho ndicho kilichozaa kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, ambacho baadhi ya watoto hupimwa mkononi mpaka leo.

Uongo wa namna hiyo haukuanzia kijiweni. Ulitoka juu kabisa, kwa mtu aliyeaminika, na sidhani kama alikusudia kudanganya. Alikuwa na haraka.

Mwaka 1892 alikuwa upande mwingine. Kipindupindu kiliingia Hamburg, na wakuu wa mji wakachelewa kutangaza wakihofia biashara ya bandari. Koch alipofika alisema wazi kwamba maji ya mtoni yasiyochujwa ndiyo yanayoua, watu wachemshe. Altona, mji wa jirani uliochuja maji yake, uliumia kidogo tu. Hamburg walikufa zaidi ya watu 8,000. Nasi tunakumbuka mwaka 2020, takwimu za korona ziliposimama baada ya Aprili, kila mtaa ukawa na dawa yake: nyungu, malimau, tangawizi. Habari ikikosekana, watu hawakai kimya kuisubiri.

Koch alifika pwani yetu pia. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria. Mwaka 1905 alirudi nchini na kuonyesha jinsi papasi, wale kupe wa kwenye nyumba za udongo, wanavyosambaza homa ya papasi. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel.

Halafu ikaja Uganda. Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, kutibu malale kwa dawa iliyoitwa Atoxyl, ambayo ndani yake mna arseniki, yaani sumu. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu, na watu wakamiminika kambini. Ugonjwa uliporudi, akaongeza dozi. Ikawa maumivu, kizunguzungu, na watu zaidi ya 20 wakapofuka moja kwa moja. Wengine wakatoroka kambi. Ukisoma taarifa za wakoloni utadhani watu wa huko walikuwa wabishi. Mimi naona walikuwa wanaangalia macho ya wenzao.

Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. BCG ilikuja baadaye, mwaka 1921, kwa kazi ya Wafaransa wawili, Calmette na Guérin.

Basi yule mama nilimjibu hivi. Ndani mna vidudu hai vya jamii ya kifua kikuu, vilivyodhoofishwa. Baada ya wiki chache patavimba, pengine patoe usaha kidogo, halafu pabaki kovu. Asipake dawa wala asikamue. Kivimbe kikubwa kwapani, amlete. Chanjo humkinga mtoto zaidi na kifua kikuu kikali, kama cha ubongo, lakini haizuii kila aina. Kwa hiyo nyumbani mkiwa na mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi, aje apimwe makohozi, na mtoto aje naye. Akaniuliza tena, kipimo ni bei gani. Ni bure kwenye vituo vya serikali, na dawa pia.