Kadhi aliyewanadi maamiri

Wapo wanaodhani kwamba katika Uislamu mtawala ndiye sheria. Hao na wamtazame Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam (Allah amrehemu), mzaliwa wa Damascus.

Sultani Ismail alipowapa Wapiganaji wa Msalaba ngome za Waislamu, Sheikh alimkemea mimbarini na akaacha kumwombea dua. Akafungwa, kisha akahamia Misri, akawa Kadhi. Huko akabaini kuwa baadhi ya maamiri wa jeshi ni watumwa wa Baitul-Maal ambao hawajaachwa huru kisheria. Akahukumu kuwa mikataba yao ni batili mpaka wauzwe. Maamiri wakagoma. Sheikh akafunga mizigo akaondoka Cairo, na watu wakamfuata. Sultani Ayyub akalazimika kumrudisha, na wanahistoria wanasimulia kuwa maamiri walinadiwa mmoja mmoja.

Wamongolia walipokaribia, dola ilitaka kuwatoza raia kodi ya vita. Sheikh akaweka sharti: kwanza wakubwa watoe dhahabu zao.

Alifariki mwaka 1262. Hakuwa na askari hata mmoja. Hukumu yake ilisimama kwa sababu raia walikuwa tayari kuhama naye. Je, leo kadhi wa haki akifunga mizigo, nani atamfuata?