Mhunzi aliyepanda kakao ana funzo kwa shule zetu

Si ajabu kumkuta mwanafunzi wa Kibera au Kawangware akidhani kuwa chokoleti ni zao la Ulaya. Karatasi aliyofungiwa humwambia hivyo. Yafaa basi walimu wamsimulie habari za Tetteh Quarshie.

Quarshie alizaliwa mwaka wa 1842 huko Osu, pwani ya nchi ambayo leo ni Ghana. Hakubahatika kupata elimu ya darasani. Alijifunza uhunzi katika karakana ya wamisionari wa Basel, akawa miongoni mwa mafundi stadi wa mwanzo wa kazi hiyo nchini mwake. Mnamo 1870 alisafiri hadi kisiwa cha Fernando Po, kiitwacho sasa Bioko, ambako mkakao, mti wenye asili ya Amerika, ulikuwa tayari ukikuzwa. Aliporejea mwaka wa 1876 alikuja na mbegu, na mnamo 1879 akazipanda Mampong, katika vilima vya Akuapem. Miche michache ilistawi, na wakulima wengine wakapata mbegu kutoka shambani mwake.

Kweli, wamisionari walikuwa wametangulia kuujaribu mmea huo, na wanahistoria wangali wanajadiliana kuhusu mchango wa kila upande. Hata hivyo, Waghana humkumbuka mhunzi: hospitali ya Mampong inaitwa kwa jina lake.

Quarshie alifariki siku ya Krismasi mwaka wa 1892. Nchi yake ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuuza kakao ng'ambo. Kufikia 1911, ikiitwa bado Gold Coast, iliongoza duniani kwa zao hilo, kwa jasho la wakulima wadogo Waafrika. Yeye hakuyaona mavuno hayo.

Kazi yenyewe si nyepesi. Tunda hupasuliwa, mbegu zikatolewa pamoja na ute wake mweupe, zikafunikwa kwa majani ya migomba ili zichachuke kwa siku kadhaa, kisha zikaanikwa juani. Ladha ya chokoleti bora huanzia hapo, mikononi mwa mkulima, kabla ya mbegu kukaangwa na kusagwa. Lakini sehemu kubwa ya faida hupatikana kiwandani na dukani, mbali na shamba. Mkulima wa kakao wa Bundibugyo, Uganda, au wa Kyela, Tanzania, anaielewa hali hiyo. Sisi Wakenya nasi hatujaiepuka: kahawa yetu nyingi husafirishwa nje kabla ya kukaangwa.

Funzo ni lipi? Mosi, utajiri wa taifa zima uliweza kuanzia kwa mtu asiye na cheti, bali mwenye ustadi, macho mapesi na subira. Pili, kupanda peke yake hakutoshi. Lazima tujifunze kutengeneza.

Kibera na Kawangware kumejaa mafundi wa jua kali wanaofua vyuma kuanzia alfajiri. Mara ngapi tumewatumia mafundi hao kama kitisho, tukimwonya mtoto kuwa asipofaulu mtihani ataishia huko? Mwalimu asemaye hivyo huidharau kazi ile ile iliyomlea Quarshie. Heri ampeleke mwanafunzi karakanani akajifunze, kwani mashine za kukaanga na kusaga mazao yetu wenyewe zitahitaji mikono ya kuziunda.