Maria Montessori: Daktari Aliyekubali Kufundishwa na Watoto

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji wa Chiaravalle, nchini Italia. Ingawa baba yake hakupendezwa na uamuzi huo, alichagua kusomea udaktari, na mwaka 1896 akahitimu katika Chuo Kikuu cha Roma, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini mwake kufikia hatua hiyo.

Kazi yake ilimpeleka katika hospitali za wagonjwa wa akili. Huko alikuta watoto wenye ulemavu wa akili wakifungiwa bila kitu chochote cha kushika wala kuchezea, kwa kuwa walidhaniwa hawafundishiki. Maria alitambua kwamba njaa yao haikuwa ya mkate tu, bali mikono yao ilitafuta kazi, na kwa njia ya mikono hiyo akili ilitafuta mlango. Alipowapa vifaa vya kugusa, kupanga na kulinganisha, baadhi yao walijifunza kusoma na kuandika. Watu walimsifu, yeye akajiuliza ni kitu gani basi kinachowarudisha nyuma watoto wasio na ulemavu wowote.

Jibu alianza kulipata tarehe 6 Januari 1907, siku ya Tokeo la Bwana, ilipofunguliwa Nyumba ya Watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, Roma. Hapo walikusanywa watoto wadogo ambao wazazi wao walishinda kazini. Siku moja Maria alimwona msichana wa umri wa miaka mitatu hivi akitia vipande vya mbao katika matundu yake, akivitoa na kuvirudisha. Wenzake waliimba kumzunguka, na hata kiti chake kilipoinuliwa hakuacha. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akapumzika akiwa na furaha. Siku nyingine mwalimu alichelewa, nao watoto wakafungua kabati wenyewe, kila mmoja akachukua kifaa alichokipenda na kuanza kazi. Maria hakuwaadhibu, aliagiza makabati mafupi wanayoweza kuyafikia.

Kutokana na uchunguzi huo alifundisha kwamba akili ya mtoto hukua kwa vipindi, na kila kipindi kina haja zake. Tangu kuzaliwa hadi miaka 6, mtoto hupokea yanayomzunguka kama ardhi kavu inavyopokea mvua. Ndiyo maana hujifunza lugha ya mama yake bila darasa. Kati ya miaka 6 na 12 huuliza sababu za mambo na kupima haki na dhuluma. Kati ya miaka 12 na 18 hutafuta heshima na nafasi yake kati ya watu. Ukomavu wenyewe huendelea hadi karibu miaka 24.

Maisha yake hayakukosa jeraha. Mwaka 1898 alimzaa mwanawe, Mario, nje ya ndoa, na kwa desturi za siku zile mtoto akalelewa na familia nyingine kijijini. Mwanamke aliyetetea watoto wa wengine alikosa utoto wa mwanawe mwenyewe. Mario alipofikia ujana alirudi kwa mama yake, akawa msaidizi wake hadi mwisho.

Imani pia ilikuwa na nafasi katika kazi yake. Huko Barcelona, watoto walitengenezewa kikanisa chenye samani za kimo chao, wakapanda ngano na mizabibu, ili waelewe kwa mikono yao asili ya mkate na divai vinavyoletwa altareni. Mwaka 1936 vita vilimfukuza Hispania. Mwaka 1939 alikwenda India, akabaki huko miaka ya Vita Kuu ya Pili akiwafundisha walimu. Alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk, Uholanzi, na kuzikwa katika makaburi ya Wakatoliki.

Wapendwa wazazi na walezi, Bwana wetu aliwakaripia mitume waliowazuia watoto wasimwendee. Nasi twaweza kuwazuia kwa haraka zetu: tunamnyang'anya mtoto ufagio kwa kuwa anachelewa, tunamvalisha viatu anavyoweza kuvaa mwenyewe, tunamchapa kwa sababu ameuliza mno. Maria Montessori hakumwona mtoto kuwa chombo kitupu cha kujazwa, bali mtu ambaye Muumba amekwisha kuanza kazi ndani yake. Leo jioni, mtoto wako akiomba kupepeta mchele pamoja nawe, mpe ungo mdogo, kaa karibu, na umwache amalize.