Robert Hooke: Bwana springi aliyedai chake mpaka mahakamani

Kwenye masoko ya mpakani, iwe Namanga, Busia au Mutukula, mizani inayomaliza ubishi haraka ni ile ya kuning'iniza: ndoano chini, uso wa duara wenye mshale, na springi ndani. Haihitaji mawe ya kupimia ambayo mteja angeweza kuyatilia shaka. Mzigo ukitundikwa springi inavutika, mshale unatembea, na muuzaji wa nchi moja na mnunuzi wa nchi nyingine wanasoma namba ileile. (Lumbesa ni habari nyingine; gunia la lumbesa linauzwa kwa macho, si kwa mizani.) Kanuni inayoifanya springi hiyo isiwe na upendeleo ilichapishwa London mwaka 1678 na Robert Hooke, mtu aliyefanya kazi nyingi na kusumbuka mno kulipwa.

Alizaliwa tarehe 18 Julai 1635 Freshwater, katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Baba yake, mtumishi wa kanisa, alifariki mwaka 1648 na kumwachia pauni 40. Kijana wa miaka 13 akaenda London kujifunza uchoraji, lakini harufu ya rangi ilimsumbua, akaingia shule ya Westminster na baadaye Chuo Kikuu cha Oxford. Huko aliajiriwa na Robert Boyle, tajiri mpenda sayansi, akamtengenezea pampu ya kutoa hewa. Mikono yake ndiyo iliyomtambulisha. Mwaka 1662 Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi, iliyokuwa bado changa, ilimpa kazi ya kuandaa majaribio kwa ajili ya kila mkutano. Kazi ilianza mara moja, mshahara ulichelewa.

Wakati huo Hooke alikuwa tayari anashughulika na springi. Alikuwa na wazo la saa ya mfukoni inayoongozwa na springi, ambayo ingewasaidia mabaharia kujua walipo baharini. Wakubwa walikuwa tayari kuweka fedha, mkataba ukaandaliwa, lakini akaona kifungu kimoja kingemruhusu yeyote atakayeboresha kifaa hicho kuvuna faida yake. Akakataa na kuificha siri yake. Mwaka 1675 Christiaan Huygens wa Uholanzi akatangaza saa ya springi iliyo yake. Hooke aliwaka hasira, akamtafuta fundi Thomas Tompion, wakatengeneza saa na kuipeleka kwa Mfalme Charles wa Pili, lakini soko lilikuwa limekwisha kumpita. Kwa maoni yangu hapo alijiumiza mwenyewe, ingawa ni vigumu kumlaumu mtu kwa kusoma mkataba mpaka mwisho.

Mwaka uliofuata alichapisha kanuni yake kwa namna ya ajabu: herufi 14 zilizopangwa kwa mfuatano wa alfabeti, zisizo na maana kwa msomaji. Kama mtu mwingine angeigundua kanuni hiyo, Hooke angezipanga herufi zake upya na kuonyesha kwamba alitangulia. Mwaka 1678 alizifungua. Kwa Kilatini zilisema kwamba nguvu huenda sawa na mvutiko.

Jaribio alilolieleza linaweza kurudiwa na yeyote mwenye ukuta mrefu. Chukua waya wa futi 20, 30 au 40, ufunge juu kwenye msumari, chini utundike sahani ya mizani. Weka uzito, pima waya umerefuka kiasi gani. Ongeza uzito mara mbili, nao urefu ulioongezeka utakuwa mara mbili. Mara tatu, utakuwa mara tatu. Ondoa mzigo, waya unarudi ulivyokuwa. Hooke alisema hali ni hiyo kwa chuma, mbao, mawe, nywele, hariri, mifupa, hata kioo, ingawa jicho haliwezi kuona vitu vigumu vikinyumbuka.

Kanuni hiyo ina mpaka wake, na wahandisi waliokuja baadaye ndio walioushughulikia sana. Mzigo ukizidi kiasi, chuma hakirudi chote. Kinabaki kimerefuka, na kikizidishiwa zaidi hukatika. Ndiyo maana mizani ya kilo 50 iliyozoeshwa kubeba 80 huanza kuonyesha uzito hata ikiwa tupu. Mwenye kununua kwa mizani ya namna hiyo analipia hewa, na dawa yake ni kuipeleka kwa wakaguzi wa vipimo.

Kitabu hicho cha springi kilikuwa mojawapo ya mihadhara ambayo John Cutler, mfanyabiashara tajiri wa London, aliahidi mwaka 1664 kuilipia pauni 50 kwa mwaka. Fedha zilikuja kwa kusuasua, kisha zikakatika. Cutler alifariki mwaka 1693 deni likiwa bado lipo. Hooke hakusamehe, aliishtaki mirathi, na mwaka 1696 mahakama ikampa haki yake.

Kilichomlisha hasa ni viwanja. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666 kuteketeza sehemu kubwa ya London, aliteuliwa kuwa mmoja wa wapima ardhi wa jiji, akawa anapigilia vigingi kuonyesha mipaka ya waliotaka kujenga upya, kila kiwanja na ada yake. Mnara wa kumbukumbu ya moto huo, wenye urefu wa futi 202, aliusanifu akiwa na rafiki yake Christopher Wren, na bado umesimama.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya uchungu. Mwaka 1686 alidai Isaac Newton ametumia wazo lake kuhusu nguvu ya mvutano bila kumtaja ipasavyo. Newton akajibu kwa kupunguza jina la Hooke katika kitabu chake. Hooke alifariki tarehe 3 Machi 1703 katika vyumba vyake vya Chuo cha Gresham, akiwa mgonjwa na karibu kipofu, akiishi kama mtu asiye na kitu. Ndani ya sanduku lake la chuma zilikutwa pauni maelfu kadhaa.